Mshenga Asiye Binadamu: Nguvu za Ghaibu, Uposaji na Deni katika Kisa cha Sultani Darai, kwa Jicho la Msomaji Kijana wa Nyabiyonza

4.1 Utangulizi wa Sura

Sura hii inahakiki kisa kimoja cha kale cha Waswahili wa Unguja, Sultani Darai, ambacho Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa Swahili Tales. Sababu ya kukichagua ni hii. Katika fasihi ya vijana inayotoka Uingereza na Marekani amezoeleka mhusika wa aina fulani: msichana au mvulana wa umri wa sekondari aliyejaliwa nguvu ya ghaibu ya kutambua nani anamfaa nani, naye huitumia nguvu hiyo kuwaunganisha wenzake, ilhali mapenzi yake mwenyewe yanamponyoka. Mtafiti alipomtafuta ndugu wa mhusika huyu katika riwaya ya Kiswahili ya vijana, hakumpata. Alimpata mahali pengine, katika ngano, akiwa na miguu minne.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mshenga wa ghaibu katika Sultani Darai hana kipaji bali ana deni. Nguvu yake ni malipo. Kwa sababu hiyo kisa hakiishii harusini. Kinaendelea hadi kuuliza nani atamlipa mshenga, na mtu pekee anayelielewa swali hilo ni bibi harusi, ambaye hakuna aliyemwuliza kama anataka kuolewa. Ukikisoma kisa hiki kama onyo dhidi ya ukosefu wa shukrani tu, na ndivyo mtu anavyokisoma kwa mara ya kwanza, binti huyu unamwacha nje ya mlango.

Msomaji anayefikiriwa katika uhakiki huu ni kijana wa sekondari katika Kata ya Nyabiyonza, Karagwe, au jirani yake wa upande wa pili wa mpaka wa wilaya, kwani Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012 lakini ndoa na ukoo havikumegwa nayo. Kijana huyu nyumbani huzungumza Kinyambo. Kiswahili cha vitabuni amekipata darasani, na pamoja nacho amepata mapenzi ya vitabuni. Huenda ikaonekana ajabu kumpelekea kisa cha Unguja, lakini umbali huo ulikwisha kufupishwa zamani. Speke alipofika Karagwe mwaka 1861 aliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili wamekwisha weka kituo Kafuro, na Stanley alikipita kituo hicho mwaka 1876. Kisa chetu kilichapwa katikati ya miaka hiyo. Mtafiti hadai kwamba kilisafiri na misafara. Anasema tu kwamba ulimwengu uliokizaa, wa biashara, almasi, nguo za heshima na watu wanaonunuliwa, haukuwa mgeni Karagwe.

4.2 Mapenzi katika Vitabu Teule

Neno "pengo" limechakaa katika tasnifu zetu, kwa hiyo litumike kwa tahadhari. Nguvu za ghaibu hazikosekani katika fasihi ya Kiswahili, wala mapenzi ya vijana hayakosekani. Kinachokosekana ni kijana anayewaunganisha wengine na bado akabaki hai, mzima na bila kulaaniwa mwishoni mwa kitabu.

Chukua vitabu ambavyo wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wamevisoma kwa miaka mingi. Katika Ngoswe ya Edwin Semzaba, penzi la karani wa sensa kwa Mazoea linaishia kwenye karatasi za serikali kuteketea kwa moto. Katika Kilio Chetu, tamthiliya ya Medical Aid Foundation, Joti anakufa kwa UKIMWI na Anna anabaki na mimba. Katika Mfadhili ya Hussein Tuwa, iliyo karibu zaidi na riwaya pendwa ya mapenzi kuliko vitabu vingine vyote vya orodha hiyo, mapenzi hayatenganishwi na maradhi. Orodha ya Steve Reynolds inaanzia kwenye kifo cha msichana. Takadini peke yake, ya Ben Hanson, iliyotoka Zimbabwe na kuwafikia wanafunzi wetu kwa tafsiri, ndiyo inayomruhusu msichana kuchagua: Shingai anamtaka kijana zeruzeru anayepiga mbira, si yule aliyekusudiwa, na anampata. Kabla ya vyote hivyo ilikuwapo Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), ambamo barua moja ya mvulana inatosha kumfanya baba ampige binti yake. Na kitabu chenyewe kikapigwa marufuku shuleni kwa muda.

Haifai kuwalaumu waandishi hawa kwa haraka, na hasa haifai kwa mhakiki wa kutoka Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983. Kabla ya ugonjwa kupata jina la kitabibu, watu waliuita "Juliana", jina la kitambaa kilichokuwa kikiingizwa kutoka Uganda, na wengine waliueleza kama uchawi wa wafanyabiashara wa magendo waliodhulumiwa. Tuzingatie maelezo hayo kama simulizi: deni lisilolipwa, nguo nzuri, nguvu ya ghaibu, na adhabu inayoingia kwa njia ya mapenzi. Mwandishi anayemwandikia kijana wa Nyabiyonza kuhusu mapenzi na nguvu zisizoonekana anaandika juu ya udongo ambao tayari una simulizi ya aina hiyo. Wepesi wa riwaya za ng'ambo, ambamo kosa la mshenga kijana huzaa vicheko na machozi ya siku mbili, hauwezi kuhamishwa hivi hivi. Hata hivyo onyo la kudumu nalo lina gharama yake. Kijana aliyesoma vitabu saba vya mapenzi na kukuta makaburi katika vingi vyavyo hujifunza kuogopa, lakini hajifunzi kupima.

Panapo nguvu za ghaibu katika fasihi andishi inayowafaa vijana, kwa kawaida hutumwa kazi nyingine. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952), Huria, binti wa kijini aliyeokolewa na Adili, analipa wema kwa kuwaadhibu ndugu wabaya. Riwaya za vijana za M. M. Mulokozi, mwana wa Kagera aliyewachunguza kwa kina manju wa enanga wa Kihaya, yaani Ngome ya Mianzi na wenzake, zinawatuma vijana vitani Uhehe. Aniceti Kitereza, katika riwaya yake ya Ukerewe aliyoikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945 na ambayo haikutoka kwa Kiswahili hadi mwaka 1980, anamleta mganga Kibuguma, lakini kazi ya mganga si kuwaunganisha Myombekere na Bugonoka, ambao tayari wanapendana. Kazi yake ni kuiwezesha ndoa yao kupata watoto. Kitereza anatufundisha jambo ambalo litatufaa mbele: kabla ya dawa yoyote, Myombekere lazima apeleke kwa wakwe zake mitungi sita ya pombe ya ndizi. Ghaibu haifuti hesabu za watu.

4.3 Paa Aliyenunuliwa kwa Thumuni

Haamdani ni maskini anayechakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, sehemu ya nane ya riale, na badala ya kununua chakula anamnunua paa kutoka kwa mtu anayepita na tundu la paa. Watu wanamcheka. Paa anasema. Anaomba aachwe aende kulisha mchana na kurudi jioni, na kila jioni anarudi. Siku nyingine anaikuta almasi porini, lakini hampelekei bwana wake, kwa kuwa anajua kwamba maskini akionekana na almasi ataulizwa ameipata wapi. Anaipeleka mji wa mbali kwa sultani na kuitoa kama zawadi ya uposaji: bwana wangu, Sultani Darai, ananituma kumposa binti yako.

Vipengele vitatu vya sehemu hii vinastahili kukaliwa.

Cha kwanza ni hali ya paa kisheria, kama tunaweza kusema hivyo kuhusu mnyama. Yeye ni mali. Amenunuliwa. Kisa kilisimuliwa Unguja kabla ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873, na Steere aliyekiandika ndiye aliyekuja kusimamia ujenzi wa kanisa Mkunazini, mahali palipokuwa soko hilo. Wasikilizaji wa kwanza walijua maana ya kiumbe kununuliwa kwa bei ndogo, kuachiwa mchana akajitafutie, na kutegemewa kurudi jioni. Walijua pia kwamba kiumbe wa namna hiyo anaweza kuwa na akili kuliko aliyemnunua. Tukimwita paa "rafiki mwaminifu" tunalainisha jambo ambalo kisa hakikulilainisha. Paa anafanya kazi ya kulipa thumuni ambayo kwa Haamdani ilikuwa mali yake yote, na anailipa mara elfu, bila hati yoyote inayosema kwamba sasa deni limekwisha.

Cha pili ni uongo. Haamdani si sultani. Ili kuuficha ufukara wake, paa anampeleka hadi kijitoni karibu na mji, anampiga, anamficha, kisha anakimbia kwa sultani na habari kwamba bwana harusi ameshambuliwa na wanyang'anyi na kuvuliwa kila kitu. Sultani anatuma farasi na mavazi. Ni hila iliyotungwa vizuri sana, na wasomaji wa Ulaya watakumbuka paka wa Charles Perrault (1697), ambaye naye anamzamisha bwana wake mtoni na kupiga kelele za wezi. Tofauti imo katika fimbo. Paka hampigi bwana wake. Paa anampiga kwa sababu anataka aibu ya kweli imwonekane mwilini, na mtafiti anaona kwamba hapo msimulizi ameteleza, au ameamua kuteleza, akatuonyesha kwa dakika moja mali ikimchapa mwenye mali.

Mshenga kusema uongo si jambo la kushangaza. Katika vikao vya posa vya Nyabiyonza, kama kwingineko Karagwe, mshenga hutarajiwa kupamba: shamba la migomba huongezeka safu, mibuni huzaa kabla ya msimu. Mtafiti, aliyewahi kuwa mtoto wa kutumwa kuleta vibuyu vya lubisi katika vikao vya aina hiyo, anakumbuka kwamba wazee wa upande wa binti hawakuyaamini mapambo hayo wala hawakuyakataa. Waliyapima. Chumvi ya mshenga ilikuwa lugha ambayo pande zote mbili zinaifahamu. Paa anaivuka mipaka ya lugha hiyo kwa sababu upande wa pili hauna wa kupima: hakuna jirani anayemjua Haamdani, hakuna shangazi aliyetumwa kuchunguza ukoo. Nguvu ya ghaibu inachukua nafasi ya jamii, na hiyo ndiyo hatari yake. (Inafurahisha pia kuona mtama, ambao jaani Unguja ni alama ya njaa, ukichachusha pombe ya ndizi ya posa huku Karagwe. Nafaka ileile inaanza umaskini wa kisa kimoja na heshima ya kikao kingine.)

Cha tatu ni nyumba. Baada ya ndoa paa anagundua kwamba bwana harusi hana mahali pa kumpeleka mke, naye anakwenda kuitafuta. Anaikuta nyumba kubwa ya nyoka mwenye vichwa saba, inayotunzwa na bibi kizee, anamwua nyoka kwa upanga na kuwakabidhi maharusi mali yote. Hapa uhakiki unaweza kupita haraka. Ni mapambano ya kawaida ya ngano. Tuangalie tu kwamba mshenga amepita wajibu wake. Mshenga wa kibinadamu kazi yake huisha pale mahari inapokubaliwa na binti anapotolewa. Huyu amejenga na nyumba.

4.4 Baada ya Harusi

Vladimir Propp, katika mofolojia yake ya ngano (1928), alizipanga kazi za wahusika hadi 31, na ya mwisho ni harusi na kutawazwa. Kwa kipimo hicho paa ni msaidizi wa shujaa, na kazi yake ingekoma hapo. Riwaya ya mapenzi ya vijana nayo, kwa kawaida, inafuata ramani hiyo bila kumtaja Propp: wawili wakipatana, kitabu kimekwisha. Sultani Darai inaikataa ramani hiyo. Jambo zito linaanza wakati mwandishi mwingine angekuwa amekwisha weka kalamu chini.

Paa anaugua. Anamtuma bibi kizee kwa bwana wake. Haamdani, ambaye sasa anaitwa sultani na kuvaa kama sultani, anaagiza apikiwe uji wa mtama mwekundu, chakula duni. Ujumbe unarudi mara ya pili, na jibu ni baridi zaidi. Mke anamwambia mumewe kwamba anakosea. Asiposikilizwa, anatuma kwa siri maziwa, wali, mto na nguo ya kumfunika mgonjwa. Paa anakufa, na mume anaamuru atupwe kisimani.

Mara nyingi ngano kama hii hufundishwa kwa swali moja: Haamdani alikosa nini? Jibu liko wazi mno kiasi kwamba swali halina kazi. Swali lenye kazi ni kwa nini Haamdani anakosa. Mtafiti anapendekeza kwamba hawezi kumtazama paa bila kuiona thumuni. Kila jambo linalomfanya sultani, kuanzia jina hadi mke, limetoka kwa kiumbe aliyemwona akichakura na aliyempiga fimbo kijitoni. Shahidi wa aina hiyo hasamehewi. Nguvu ya ghaibu ya mshenga imemfanyia Haamdani kila kitu isipokuwa kumbadilisha, kwa kuwa nguvu hiyo inaweza kuunganisha watu wawili lakini haiwezi kumfanya mmoja wao astahili. Hili ndilo ambalo riwaya ya mshenga kijana mwenye kipaji hulikwepa. Humo kipaji huona nani anamfaa nani, kana kwamba kufaana ni kitu kilichokwisha kuwapo, kinachongoja kuonekana. Paa hakumwona Haamdani kuwa anamfaa binti wa sultani. Alijua hafai, akamposea, kwa sababu alikuwa na deni kwa Haamdani na hakuwa nalo kwa binti.

4.5 Binti Asiyeulizwa

Hadi hapa binti wa sultani hana jina. Analolewa kwa almasi asiyoichagua, kwa mtu aliyedanganywa kumhusu, na baba aliyeridhika. Katika mazungumzo ya posa, yaliyo marefu kuliko sehemu nyingi za kisa, hasemi neno. Anaanza kusema paa anapougua, na kila anachosema kuanzia hapo ni kumpinga mumewe kwa ajili ya mshenga.

Msomaji wa Nyabiyonza ana sababu ya kusimama hapa kuliko msomaji wa kwingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu husika vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Hoja ya nani anaulizwa, na ana umri gani anapoulizwa, si mada ya insha kwa msichana wa kidato cha pili ambaye wageni wamekaa sebuleni na yeye yuko jikoni. Binti wa sultani ni yeye. Anajua yaliyosemwa sebuleni kwa kuyasikia ukutani.

Kwa hiyo wema wake kwa paa hauwezi kuelezwa kwa huruma peke yake. Paa ndiye aliyemdanganya, tena kwa ufundi. Hata hivyo yeye ndiye aliyempa nyumba, na ndiye kiumbe pekee katika kisa aliyefanya kazi. Binti anatambua kwamba ndoa yake ni deni, na kwamba kama mume halipi, mke amebaki akiwa dhamana. Anapopeleka maziwa na mto kwa siri anajaribu kulilipa deni ambalo hakulikopa. Hakuna mhusika mwingine anayepima hali yake kwa usahihi wa namna hii, na mtafiti anakiri kwamba alikisoma kisa mara kadhaa kabla ya kuliona hilo, kwa kuwa alikuwa amefundishwa kumtazama mume.

Katika Nyanda za Maziwa Makuu kazi ya kumsikiliza binti kabla ya posa ilikuwa na mwenyewe: shangazi. Ni yeye aliyejua kama moyo wa mtoto uko mahali pengine, na kwa uzuri au ubaya ni yeye aliyeamua habari hiyo ifike kikaoni au isifike. Mwandishi atakayetaka kumwandikia kijana wa Karagwe riwaya ya mshenga mwenye nguvu hana haja ya kuazima kipaji cha kuona jozi. Nguvu ambayo ingetikisa kikao cha Nyabiyonza ni ndogo zaidi na ya kutisha zaidi: kusikia kile ambacho binti aliye jikoni hakisemi, na kulazimika kukisema sebuleni. Mshenga wa namna hiyo angekuwa na deni pande mbili, na riwaya yake isingeweza kuishia harusini hata mwandishi akitaka.

Baba wa binti, alipopata barua ya binti yake, alikuja, akalia, akateremka kisimani, akamzika paa kwa heshima. Usiku ule mke anaota kwamba yuko kwao. Kukicha, anajikuta kitandani katika mji wa baba yake. Mume anaota yuko jaani. Kukicha, yuko jaani, mikono imejaa vumbi, anatafuta punje za mtama, na watoto wanamcheka. Kuhusu mume msimulizi anatueleza kila kitu: vumbi, vicheko, macho yanavyotazama huku na huku. Kuhusu mke anatupa kitanda tu. Haelezi kama amefarijika, kama anamkumbuka paa, wala kama sultani atapokea posa nyingine, na kama safari hii atapita kwanza jikoni.